Nyuso za kijani kwenye picha za sendofu: ninunue kamera mpya?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina studio ndogo hapa Muheza. Siku za kazi napiga picha za pasipoti za wanafunzi na za watu wanaojaza fomu, na wikendi napiga sherehe: kipaimara, ubarikio, sendofu na maulidi. Natumia Canon EOS 700D niliyoinunua mkononi kwa mtu, pamoja na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Picha nasafisha mwenyewe nyumbani kwa printa ya matangi yenye wino wa rangi sita.

Mwezi uliopita nilipiga sendofu. Mchana ilikuwa nje chini ya turubai la bluu, usiku ikahamia ukumbini. Nilipopeleka picha, mama wa bibi harusi alizikataa. Nyuso zimekuwa za kijani, picha zina giza kuliko nilivyoziona kwenye laptopu, na kuna mistari myembamba myeupe iliyokatiza picha kutoka upande mmoja hadi mwingine. Za chini ya turubai watu wamekuwa bluu hata kwenye laptopu. Za ukumbini zina mapande ya giza na mwanga, na hayo nayaona hata kwenye kioo cha kamera yenyewe, halafu zimejaa chengachenga. Juu ya hayo, kila picha yenye anga ina doa jeusi upande wa kulia, mahali palepale. Mama huyo amegoma kunimalizia laki na nusu yangu.

Kaka yangu yuko Dar. Anasema kamera hii ni ya kujifunzia na imechoka, nichukue fulufremu, yaani yenye kihisi kikubwa (kihisi ni kile kipande kinachopokea picha). Amenitafutia mtu Kariakoo anayeuza Canon 6D iliyotumika na lenzi ya 24-105 kwa milioni mbili na laki sita. Kikoba chetu kimekubali kunikopesha, hela inatoka Jumapili. Mume wangu yeye anasema printa ndiyo ya kuuzwa. Nimechanganyikiwa. Tatizo ni kamera, ni printa, au ni mimi?

Mama Studio, Muheza

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa hiyo laki na nusu, na pole zaidi kwa kukataliwa kazi mbele ya watu.

Kwa kuwa Jumapili iko karibu, natanguliza jibu: usichukue hizo milioni mbili na laki sita. Nimeisoma barua yako kwa makini, na katika yote uliyoyataja hakuna hata moja linalohitaji 6D ili liondoke. Chini ya turubai lile 6D nayo ingewapiga watu bluu. Ukumbini ingeleta mapande yaleyale. Na printa ingeendelea kuchora mistari yake myeupe juu ya picha za kamera ya mamilioni. Ungebaki na matatizo yako karibu yote, na deni la kikoba juu yake.

Umeandika jambo moja ambalo limenirahisishia kazi: umetenganisha kinachoonekana kwenye kioo cha kamera na kinachoonekana kwenye karatasi tu. Wapiga picha wengi hawafanyi hivyo, wanalaumu kila kitu kwa pamoja. Mistari myeupe na ukijani havipo kwenye laptopu, kwa hiyo vimezaliwa kwenye printa. Mapande na ubluu vipo tangu kwenye kamera, kwa hiyo printa haihusiki navyo kabisa.

Kabla hujagusa chochote, fanya hivi. Chagua picha moja ya sendofu inayopendeza kwenye laptopu, yenye uso mkubwa na nguo nyeupe. Inakili kwenye flashi diski. Usiitume kwa WhatsApp, maana huko hupunguzwa ukubwa na ubora ukiituma kama picha ya kawaida. Panda gari hadi Tanga mjini, nenda maabara ya picha, waambie wakusafishie nakala moja ya inchi 4 kwa 6 bila kurekebisha rangi. Ikitoka safi, utakuwa na ushahidi mkononi kwamba kamera yako inafanya kazi, na kaka yako utamwonyesha.

Sasa printa, maana humo ndimo hela yako inamovujia. Ina rangi sita: nyeusi, njano, samawati, majenta (wekundu wa waridi), halafu samawati hafifu na majenta hafifu. Hizo mbili hafifu ndizo zinazochora sehemu laini za ngozi, mashavu na paji la uso. Majenta ikiziba, kinachobaki ni njano na samawati, na hizo mbili zikikutana zinatoa kijani. Ndiyo maana kitenge chekundu cha shangazi kinaweza kutoka vizuri, ilhali mashavu yake yamekuwa kama ya mgonjwa: majenta nzito inapita, ile hafifu imekwama. Mistari myeupe nayo inasema habari hiyohiyo, kwamba baadhi ya matundu ya hedi, kile kichwa kinachonyunyiza wino, hayatoi wino.

Chapisha jaribio la nozeli, yaani la matundu hayo. Lipo kwenye menyu ya matengenezo ya printa, linatumia karatasi ya kawaida na wino kidogo mno. Utaona vijistari vya kila rangi vimepangwa kama ngazi. Rangi yenye ngazi zilizokatika au kukosekana ndiyo iliyoziba. Ile ya njano haionekani vizuri, isogeze karatasi kwenye mwanga wa dirishani. Ukishaijua, agiza usafishaji wa hedi mara moja, rudia jaribio. Bado? Mara ya pili. Bado? Mara ya tatu, kisha zima printa uiache ilale usiku mzima, ujaribu tena asubuhi. Wino mkavu huhitaji muda wa kulainika na mapovu ya hewa huhitaji muda wa kutulia, na haraka haisaidii. Nakuomba usisafishe mara kumi mfululizo kama wengi wanavyofanya kwa hasira. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye sifongo iliyo ndani ya printa, na sifongo hiyo ikijaa printa inagoma kuchapa hadi fundi aibadilishe.

Tazama pia matangi. Kama uliacha wino ushuke chini ya alama ya mwisho, hewa imeingia kwenye mirija na usafishaji wa kawaida hautaiondoa kirahisi.

Kisha jiulize printa inazimwaje hapo nyumbani. Kama mnachomoa waya ukutani, au umeme unakatika katikati ya kazi, hedi inabaki imesimama njiani. Kila printa ya wino ina mahali pa kuegesha hedi, penye mpira unaoifunika isikauke, na inakwenda kujiegesha pale unapozima kwa kitufe chake. Umeme ukikatika ghafla haifiki huko. Usiku mmoja wa joto letu hili unatosha kukausha tundu dogo namna ile. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, itakupa dakika za kumaliza picha na kuzima kistaarabu, na kati ya vyote nitakavyokushauri ununue leo, hiyo naiweka ya kwanza. Na hata wiki isiyo na kazi, chapisha picha moja ndogo yenye rangi zote.

Hukuniambia wino unanunua wapi. Kama umebadili aina ya wino hivi karibuni, au umemimina aina mpya juu ya mabaki ya ile ya zamani, hapo napo rangi zitayumba, kwa sababu programu ya printa imepangwa kwa wino wa mwenye printa. Sikukatazi wino wa bei nafuu kwa picha za pasipoti. Ninachokuomba ni uchague mmoja ubaki nao.

Kuhusu giza, kuna mambo mawili. Laptopu yako bila shaka umeiwekea mwanga wa juu kabisa, kwa hiyo picha unazirekebisha ziwe na giza bila kujua. Weka karatasi nyeupe tupu kando ya kioo, mchana, karibu na dirisha, ufungue ukurasa mweupe kwenye laptopu. Punguza mwanga wa kioo mpaka weupe wa pande zote mbili ulingane. Fanya marekebisho ya picha katika hali hiyo tu. La pili ni aina ya karatasi unayoichagua wakati wa kuchapa. Ukiweka karatasi ya glosi lakini kwenye kompyuta pameandikwa karatasi ya kawaida, printa inamwaga wino kwa kipimo kisicho chake na rangi zinatoka zimekufa. Chagua jina la karatasi iliyomo ndani kweli. Tena rangi zisimamiwe na mmoja: ama programu yako ya picha, ama programu ya printa. Zikisimamia zote mbili, rangi inarekebishwa mara mbili.

Kwa kuwa kamera uliinunua mkononi, angalia na majina ya mafaili. Kwenye Canon faili la kawaida huanza na IMG_. Likianza na _MG_, yaani alama ya mstari wa chini mbele, mwenye kamera wa kwanza aliiacha kwenye mpangilio wa rangi wa Adobe RGB. Programu nyingi ndogo haziielewi hiyo, na picha zinatoka zimepauka. Rudisha sRGB, mpangilio wa kawaida, kwenye menyu.

Nije ukumbini. Hayo mapande ya giza na mwanga yanatoka kwenye taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED na za mirija huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni. Lakini ukipiga kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, pazia la shata linapita mbele ya kihisi kama mwanya mwembamba, na katika safari hiyo fupi taa inakuwa angavu sehemu moja na hafifu sehemu nyingine. Weka shata kwenye 1/100 au 1/50, kila picha ikusanye mawimbi kamili ya mwanga, na mapande yatapotea. Canon ilianza kutia kifaa cha kukwepa hali hii kwenye 7D Mark II ya mwaka 2014. Yako ni ya 2013, na hiyo 6D ya Kariakoo ni ya 2012. Zote mbili hazina. Kwenye sherehe ya jenereta hesabu inaweza kuyumba kidogo, basi piga picha mbili tatu za majaribio kabla wageni hawajaingia.

Chengachenga ni njaa ya mwanga, na hapa kaka yako ana hoja kidogo, nisimnyime haki yake. Kihisi cha fulufremu kina milimita 36 kwa 24, chako kina 22.3 kwa 14.9. Kwa eneo, cha 6D ni kikubwa mara 2.6, na usiku tofauti hiyo inaonekana. Ila tazama lenzi. Ukivuta 18-55 yako hadi mwisho, tundu lake linafunguka hadi f/5.6 tu (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8, ambayo ni katika za bei ya chini kabisa wanazotengeneza, inaingiza mwanga mara tisa na zaidi. Pale ulipolazimika kupandisha ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga unaoleta chengachenga ukizidi, hadi 6400, utatulia kwenye 800. Na hiyo 24-105 anayokuuzia mtu wa Kariakoo ni ya f/4, inaingiza mwanga pungufu ya ile ya 50 karibu mara tano. Ukipiga hesabu yote, kihisi na lenzi kwa pamoja, 700D yako yenye 50mm f/1.8 inakusanya mwanga mwingi kuliko 6D yenye lenzi ile. Nimelirudia hesabu hili kabla ya kukuandikia.

Bei yake nyingine ni hii: kwenye f/1.8 eneo lililo kali ni jembamba, jicho moja linaweza kuwa kali na sikio likafifia. Kwa bibi harusi peke yake inapendeza. Kwa picha ya wajomba kumi na wawili waliopanga mistari miwili haifai, wa nyuma watafifia. Hapo funga hadi f/5.6 na utumie flashi ya kamera, ile ya juu inayogeuza kichwa. Ukumbi wenye dari jeupe, igeuze ipige dari, mwanga utashuka laini kama wa dirishani. Lakini wapambaji wetu siku hizi wanafunika dari lote kwa vitambaa vya zambarau na dhahabu, na flashi ikipiga pale inarudi na rangi hiyo usoni. Basi ielekeze mbele, uivalishe kofia yake nyeupe ya kulainisha mwanga.

Turubai ni habari hiyohiyo. Jua linapopenya kitambaa cha bluu, mwanga wote ulio chini yake ni wa bluu, ila pembeni unaingia mwanga mweupe wa nje. Uso mmoja, rangi mbili, hakuna kompyuta inayolitatua hilo vizuri. Wasogeze watu pembeni, karibu na ukingo, wageukie nje. Kisha pima weupe: piga karatasi nyeupe ikiwa mikononi mwa mtu palepale atakaposimama, uiteue kwenye menyu ya WB (weupe) ya kupima mwenyewe. Na tangu leo piga RAW, yaani faili ghafi la kamera, pamoja na JPEG. Programu ya Canon ya kufungulia RAW, Digital Photo Professional, ni ya bure, na kwenye RAW rangi unaweza kuirudisha mbali zaidi bila kuiharibu picha.

Doa la angani ni vumbi kwenye kihisi. Weka f/22, lenga ukuta mweupe au anga tupu bila kukaza fokasi, piga. Likionekana kali zaidi, ndilo. Chaji betri ijae, chagua kusafisha kihisi kwa mkono kwenye menyu, inamisha kamera mdomo chini, upulize kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, mate yataganda pale. Usitumie pamba. Likikataa, mpe fundi. Ukiwa hapo, imulike lenzi kwa tochi ukiangalia ndani: ukiona nyuzi nyeupe kama mizizi, hiyo ni kuvu ya unyevu wa pwani. Kamera isilale kwenye begi la kitambaa. Iweke kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na pakiti za silika za kunyonya unyevu ndani.

Ukubwa wa picha usikusumbue. A4 kwa pikseli 300 kila inchi inataka pikseli 2480 kwa 3508, chini ya milioni 9. Kamera yako ina milioni 18. 6D ina milioni 20. Na ujue kwamba lenzi yako ya 18-55 ni ya EF-S, haifungi kabisa kwenye 6D. Ile ya 50 ni ya EF, inafunga kote, na siku ukihamia kamera za Canon zisizo na kioo cha ndani cha kuakisi picha (mirrorless), zilizoanza na EOS R mwaka 2018 kwa upande wa fulufremu, utaivusha kwa adapta. Hiyo ni hela isiyopotea.

Kwa hiyo Jumapili waambie akina mama wa kikoba unahitaji kiasi kidogo: lenzi ya 50, flashi moja na UPS. Kama mnagawa kwa awamu, anza na UPS na lenzi. Flashi itajilipa kwa sherehe zijazo.

Na baba watoto mjibu hivi: printa haiuzwi mpaka tujue kama hedi imepona. Ikishindikana hata baada ya fundi, msinunue nyingine ya matangi kwa mazoea. Kwa pasipoti za kila siku fikirieni printa ya joto, kama Canon SELPHY CP1500. Haina wino wa maji wala nozeli. Inapasha utepe na kupitisha karatasi mara nne, njano, majenta, samawati, na mwisho utando wa kuilinda, ndiyo maana picha inatoka kavu na haichujuki ikidondokewa na maji. Karatasi na utepe vinauzwa pamoja kwa hesabu, kwa hiyo unajua kila picha imekula shilingi ngapi. Upungufu wake ni kwamba haipiti saizi ya postikadi. A4 na za ukutani utapeleka maabara Tanga, nauli uiingize kwenye bei.

Kuhusu mama wa bibi harusi, usisubiri akutafute. Mpigie wiki hii, umwambie picha zinasafishwa upya kwa gharama yako na utampelekea mwenyewe nyumbani. Za mchana zirekebishe weupe kwanza kadiri zitakavyokubali. Za ukumbini chagua zile ambazo pande la giza halikupita usoni, nyingine ziache. Ukishampa hizo mkononi, ndipo uombe laki na nusu yako.

Jaribio la nozeli likishatoka, lipige kwa simu kwenye mwanga wa dirishani unitumie, uniambie na jina la wino uliomo kwenye matangi.